Sayansi, Wema na Jirani: Kumpima John Dewey kwa Katekisimo Ndogo

Siku hizi maneno "utafiti umeonyesha" yana uzito mkubwa masikioni mwetu. Tunayasikia redioni, katika semina za ndoa, katika vikao vya wazazi, na mara nyingine hata mimbarani. Mtu anayetaka kutushauri namna ya kulea watoto, kula vizuri au kuwatunza wazee haanzi tena na mapokeo ya babu zetu, wala haanzi na Maandiko. Anaanza na utafiti. Baadhi yetu tunafurahi, baadhi tunaogopa, na wengi tunabaki njia panda.

Nyuma ya mazoea haya iko falsafa yenye jina na historia yake. Wanafunzi wa theolojia huisoma darasani, lakini washarika wengi huishi nayo bila kujua inaitwaje. Ni pragmatizimu, falsafa iliyoanzia Marekani katika miaka ya 1870, ambayo hulipima kila wazo kwa matokeo yake katika maisha. Walioijenga ni Charles Peirce, William James na John Dewey. Katika mambo ya maadili, aliyeifikisha mbali zaidi ni Dewey, kwa sababu ndiye aliyesema waziwazi kwamba swali la wema na ubaya lichunguzwe kwa njia ileile ambayo sayansi huchunguzia maji, magonjwa na mimea.

Katika makala haya tunataka kumpima Dewey kwa haki. Si vema kumwita mtu adui wa imani kabla hatujamsikiliza. Tunaamini kwamba sehemu kubwa ya aliyoyasema kuhusu sayansi na wema ni kweli, na kwamba Kanisa likiyapuuza laweza kuwaumiza watu huku likidhani linawapenda. Lakini lipo jambo moja ambalo njia yake haikuweza kulitoa, na pale jambo hilo lilipokosekana watu walilia.

Mtu na swali lake

John Dewey alizaliwa mwaka 1859 huko Burlington, katika jimbo la Vermont. Alilelewa katika kanisa la Congregational na mama mcha Mungu, aliyekuwa na desturi ya kuwauliza wanawe kuhusu hali ya roho zao. Alipokuwa mwalimu kijana katika Chuo Kikuu cha Michigan, Dewey alifundisha masomo ya Biblia kwa wanafunzi. Mwaka 1894 alihamia Chicago, na hakuhamisha ushirika wake. Hakukuwa na ugomvi wala tangazo. Aliacha tu. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waliotia saini tamko la watu waliotaka dini isiyomtegemea Mungu aliye juu ya maumbile. Alifariki New York mwaka 1952.

Swali lililomsumbua liko wazi katika kitabu chake The Quest for Certainty, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1929. Kwa nini wanadamu wamepiga hatua kubwa hivyo katika kuujua ulimwengu wa maumbile, lakini katika maadili bado wanategemea mazoea, amri za wakubwa, au hisia za mtu binafsi? Daktari akiona dawa haiponyi, huibadilisha. Mzee wa mila akiona desturi inaumiza, mara nyingi huitetea kwa nguvu zaidi. Dewey aliona hii ni hatari kubwa ya zama zetu: mikono yenye uwezo mpya inaongozwa na mawazo ambayo hayajawahi kupimwa.

Jibu lake lilikuwa na sehemu tatu, na tungependa kila mshariki azielewe.

Kwanza, kupenda kitu hakutoshi kukifanya kiwe chema. Asali ni tamu kwa kila ulimi, lakini mgonjwa wa kisukari akiuliza kama inamfaa, ulimi hauwezi kumjibu. Inabidi ajue asali inafanya nini mwilini mwake. Ndivyo Dewey alivyotofautisha kinachopendwa na kinachostahili kupendwa. Kati ya hivyo viwili pana kazi ya kuchunguza: kimetoka wapi, kinazaa nini, kinamgharimu nani.

Pili, kanuni za maadili ni vyombo vya kutusaidia kuona. Waliotutangulia walijifunza mengi kwa jasho, wakatuachia kanuni. Tusizitupe. Lakini Dewey alitaka tuzishike kama mtafiti anavyoshika nadharia tete: tukizitumia kwa bidii, na tukiwa tayari kuzirekebisha pale maisha yanapoonyesha kwamba zinaumiza.

Tatu, lengo na njia havitengani. Katika kijitabu chake cha mwaka 1939, Theory of Valuation, Dewey alitumia hadithi ya kuchekesha ya mwandishi Mwingereza Charles Lamb. Watu fulani wa kale walionja nyama ya nguruwe iliyobanikwa kwa mara ya kwanza baada ya nyumba kuungua na nguruwe wakiwa ndani. Waliipenda nyama hiyo mno. Basi kila walipoitamani, walijenga nyumba, wakaweka nguruwe ndani, wakaichoma moto. Tunacheka, lakini Dewey anatuuliza swali zito: ni mara ngapi sisi nasi tunateketeza nyumba nzima kwa ajili ya mlo mmoja, kwa kuwa tulitazama lengo tu na hatukuhesabu gharama ya njia?

Pale anaposema kweli

Mafundisho haya hayakuzaliwa vitabuni peke yake. Chicago Dewey alikuwa rafiki wa Jane Addams, ambaye mwaka 1889, pamoja na mwenzake Ellen Gates Starr, alifungua nyumba ya huduma iitwayo Hull House katika mtaa wa wahamiaji maskini. Dewey alikuwa mmoja wa wadhamini wake. Wanawake wa nyumba ile walikaa na majirani zao, wakawatunza wagonjwa na watoto. Lakini waligundua kwamba huruma ikifika nyumba kwa nyumba na kuishia hapo, wiki ijayo utarudi nyumba ileile kuzika. Wakaanza kuhesabu na kuchora ramani: nani anaishi wapi, analipwa kiasi gani. Addams aliona takataka zimerundikana mitaani, akalifuatilia jambo hilo mpaka mwaka 1895 akateuliwa kuwa mkaguzi wa takataka wa kata yake. Akawa anaamka alfajiri kuyafuata magari ya taka.

Mwaka 1902 homa ya matumbo iliua watu wengi katika eneo lile. Daktari Alice Hamilton, aliyeishi Hull House, alichunguza akasema inaenezwa na inzi watokao kwenye vyoo vilivyo wazi. Maelezo yake yaliwashtua wakubwa wa idara ya afya. Baadaye ilijulikana kwamba sababu kubwa ilikuwa nyingine: maji machafu yalikuwa yameingia katika mabomba ya maji ya kunywa, na wahusika walificha. Hamilton mwenyewe alilieleza jambo hilo katika kumbukumbu za maisha yake. Hapa tunaona uzuri wa njia ambayo Dewey aliisifu. Mtu anasema kile anachokiona, wengine wanakipima, ukweli ukijitokeza anaukubali, na heshima yake haipungui.

Je, sisi Walutheri tuna neno la kupinga hapa? Hatuna. Luther mwenyewe alituachia mfano. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Wengi walikimbia, yeye alibaki, na nyumba yake ikageuka kuwa mahali pa kuwatunzia wagonjwa. Wachungaji wa mji mwingine walimwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Katika jibu lake alisema kwamba walio na wajibu kwa wengine, kama wachungaji, viongozi na watumishi, wasiwaache watu wao. Lakini aliwakemea vilevile wale waliodharau dawa na kutembea ovyo penye ugonjwa wakijidai wana imani. Hao, alisema, wanamjaribu Mungu. Tumia dawa, fukiza nyumba, usiende mahali ambapo hukuhitajika, usije ukawa sababu ya kifo cha mwenzako. Kwa Luther, kutumia maarifa yaliyokuwapo ilikuwa sehemu ya kumpenda jirani. Hata katika Katekisimo Ndogo, anapofafanua Kipengele cha Kwanza cha Imani, anaihesabu akili miongoni mwa vipawa tulivyopewa na Mungu Muumba.

Kwa hiyo mshariki anayesema, "Mimi ninaomba tu, mambo ya hospitali siyataki," hamtetei Luther wala Biblia. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema (1 The. 5:21). Anayekataa kupima matokeo ya wema wake anaupenda wema wake kuliko anavyompenda jirani.

Kesi ya Carrie Buck

Sasa tugeukie upande wa pili. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya msichana maskini wa Virginia aitwaye Carrie Buck. Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji Oliver Wendell Holmes. Jina hilo lina uhusiano wa karibu na habari yetu. Holmes alikuwa rafiki wa William James tangu ujana, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikuwa katika kile kikundi kidogo cha mazungumzo huko Cambridge, Massachusetts, pamoja na James na Peirce, ambamo pragmatizimu ilianza kuchipuka. Yeye naye alifundisha kwamba sheria hukua kutokana na uzoefu wa maisha, na kwamba tuitazame kwa matokeo yake.

Wakati huo elimu iliyoitwa yujeniki ilikuwa imeenea. Ilidai kwamba umaskini, uhalifu na upungufu wa akili hurithiwa kwa damu, na kwamba taifa laweza kuboreshwa kwa kuwazuia watu fulani wasizae. Ilifundishwa katika vyuo vikuu vyenye sifa. Ilikuwa na vipimo, majedwali na wataalamu. Mwaka 1924 Virginia ilitunga sheria ya kuwafunga kizazi kwa lazima watu waliokuwa katika taasisi za serikali, wakihukumiwa kuwa na akili pungufu. Carrie alichaguliwa awe wa kwanza, ili sheria ipimwe mahakamani.

Mama yake Carrie alikuwa tayari amewekwa katika taasisi hiyo. Carrie alilelewa na familia nyingine, na alipokuwa kijana alibakwa, kama alivyoeleza mwenyewe, na ndugu wa familia hiyo. Alipopata mimba, walimpeleka kwenye taasisi ileile. Mtoto wake, Vivian, alikuwa na miezi michache tu alipotazamwa na mtumishi wa ustawi wa jamii, ambaye alitoa ushahidi kwamba kichanga huyo haonekani kuwa wa kawaida kabisa. Hivyo vikapatikana vizazi vitatu: bibi, mama na mtoto. Wakili aliyepewa Carrie alikuwa mtu wa karibu wa wale waliotaka afungwe kizazi, wala hakuita shahidi hata mmoja wa kumtetea.

Holmes aliandika kurasa chache tu. Hoja yake ilikuwa hii: kama serikali inaruhusiwa kuwalazimisha watu wapate chanjo kwa faida ya wote, basi inaruhusiwa pia kukata mirija ya uzazi. Majaji wanane walikubaliana. Mmoja tu, Pierce Butler, alipinga, na hakuandika sababu zake. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Carrie alifanyiwa upasuaji. Mdogo wake, Doris, naye alifungwa kizazi, lakini yeye aliambiwa anatolewa kidole tumbo. Aliolewa, akatamani watoto miaka mingi, na alikuja kuujua ukweli akiwa mzee. Kabla ya mambo hayo kukoma, zaidi ya watu 60,000 walikuwa wamefanyiwa hivyo katika Marekani.

Na Vivian, yule kichanga aliyedhaniwa kuwa na kasoro? Alikwenda shule, na mwaka 1931 jina lake liliwekwa katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki kwa ugonjwa mwaka 1932, akiwa na miaka minane.

Dewey angejibu nini?

Hatusemi kwamba Dewey aliiandika hukumu ile, wala hatumbebeshi mzigo wa Holmes. Dewey alikuwa miongoni mwa waliotia saini wito wa mwaka 1909 uliozaa chama cha NAACP, kinachotetea haki za Wamarekani weusi. Tena tunajua angetujibu vipi. Angesema yujeniki ilikuwa sayansi mbovu. Ushahidi haukupimwa, wakili hakuuliza maswali, mtaalamu alitazama kichanga kwa muda mfupi akatoa hukumu ya maisha. Uchunguzi wa kweli ungelifichua kosa hilo, na hatimaye ulilifichua.

Angeweza pia kutuonyesha kitabu chake The Public and Its Problems, kilichotoka mwaka uleule wa 1927. Humo alisema kwamba anayevaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana, hata kama fundi ndiye ajuaye namna ya kukitengeneza. Sisi tuna methali ya namna hiyo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo wataalamu wasiachiwe kuamua peke yao. Wale wanaoguswa na jambo lazima waulizwe. Hili ni neno zuri, na tunalipokea kwa mikono miwili.

Lakini hapohapo ndipo tunapomwuliza Dewey swali letu. Kwa nini Carrie aulizwe? Ukijibu kwamba tukimwuliza tutapata matokeo bora, tutauliza tena: bora kwa nani? Mbele ya Holmes matokeo yalihesabiwa kwa uangalifu, lakini waliohesabiwa kuwa ni "sisi" walikuwa watu wengine. Carrie alikuwa upande wa gharama. Utafiti waweza kutuambia kiatu kinambana nani na kwa kiasi gani. Hauwezi kutuambia kwamba mguu ule ni mguu wa mtu ambaye maumivu yake yana uzito sawa na ya jaji. Hilo lazima liwe limekubaliwa kabla ya uchunguzi kuanza, la sivyo uchunguzi utaendeshwa na walio chumbani juu ya mtu aliyefungiwa nje.

Tena, ni kweli kwamba sayansi ilijirekebisha. Tunashukuru. Lakini marekebisho yalipofika, Vivian alikuwa amekufa, na Carrie na Doris walikuwa wamekwisha kukatwa. Njia ya majaribio hujifunza kwa makosa, na makosa hayo hulipwa na mwili wa mtu. Historia yaonyesha kwamba mara nyingi hulipwa na mwili wa asiye na sauti. Katika maabara, nadharia tete ikishindwa hutupwa na kazi huendelea. Mwanadamu aliyefanywa kuwa jaribio hana maisha mengine ya kuyaanza upya.

Mchungaji wa Marekani Reinhold Niebuhr aliliona tatizo hili kwa upande mwingine. Alitumika katika usharika wa Detroit kuanzia mwaka 1915 hadi 1928, akiyatazama maisha ya wafanyakazi wa viwanda vya magari. Katika kitabu chake cha mwaka 1932, Moral Man and Immoral Society, alimlaumu Dewey waziwazi kwa kudhani kwamba dhuluma ya jamii hutokana hasa na ujinga, na kwamba maarifa yakiongezeka itapungua. Niebuhr alijibu kwamba wenye nguvu mara nyingi wanajua vizuri wanachofanya, na akili yao huitumikia faida yao. Kwetu sisi hili si jambo geni. Paulo analieleza katika Warumi 7: kulijua jema hakumpi mtu uwezo wa kulitenda. Dewey alitegemea kwamba mpimaji mwenyewe ni mnyofu. Injili inatuambia kwamba mpimaji naye amepinda.

Kanisa nalo lipimwe

Ni rahisi hapa kupiga kifua na kusema kwamba imani ingeyazuia hayo. Historia haituruhusu. Katika miaka ya 1920 wachungaji wa Marekani walishindania tuzo za mahubiri yaliyosifu yujeniki. Ujerumani, nchi ya Luther, viongozi wa diakonia ya Kiinjili walikutana Treysa mwaka 1931. Walikataa kuua wagonjwa, lakini wakaafiki kufunga kizazi kwa watu waliodhaniwa kuwa na magonjwa ya kurithi. Serikali ya Hitler ilipotunga sheria yake mwaka 1933, taasisi nyingi za Kanisa zilishirikiana nayo, na mamia ya maelfu ya watu walifungwa kizazi. Watu hao walikuwa na Katekisimo mikononi. Waliijua Amri ya Tano tangu utotoni.

Walikosea wapi? Tunaona kwamba walimpa mtaalamu kazi isiyokuwa yake. Walimruhusu aseme nani ni jirani na nani ni mzigo, kisha wao wakabaki na kazi ya kuutunza au kuupunguza mzigo huo kwa upole. Yule mwanasheria aliyemwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani alitaka mpaka uchorwe kwanza, ajue wajibu wake unaishia wapi. Yesu hakumchorea mpaka. Alimweleza habari za mtu aliyelala njiani nusu mfu, na za yule aliyesimama (Lk. 10:25–37).

Nusu mbili za Amri ya Tano

Tunapenda kumaliza hoja yetu kwa Katekisimo Ndogo. Luther anapoifafanua Amri ya Tano, inayokataza kuua, hasemi jambo moja bali mawili. Kwanza, tusimdhuru jirani wala kumtesa mwilini. Pili, tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili wake. Kila mtoto wa kipaimara hukariri hayo. Tukiyatazama kwa makini tutaona kwamba yanajibu swali letu kuhusu sayansi na maadili.

Nusu ya kwanza haingoji utafiti. Mtu akija na majedwali yanayoonyesha kwamba mlemavu, mzee, mgonjwa wa akili au mtoto asiyetakiwa ni hasara kwa taifa, Mkristo hahitaji kwanza kuyakosoa majedwali hayo. Yawezekana hesabu ni sahihi. Jibu bado ni hapana, kwa sababu mtu huyo ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Kristo amejihesabu kuwa mmoja na wadogo (Mt. 25:40). Hiyo hapana ilipaswa kusikika mahakamani mwaka 1927 na Treysa mwaka 1931, kabla mtu yeyote hajajua kama yujeniki ni sayansi mbovu au nzuri. Hapa tunaachana na Dewey. Hii si nadharia tete. Imetolewa na Mungu kabla ya jaribio, ili iwalinde wale ambao jaribio lingefanywa juu yao.

Nusu ya pili, kinyume chake, haiwezekani bila maarifa. Utamsaidiaje jirani katika mahitaji ya mwili kama hujui mwili unahitaji nini? Hapa Dewey ni mwalimu wetu. Nia njema haitoshi. Lazima tuulize msaada wetu umezaa nini, na tuwe tayari kusikia jibu linalotuudhi.

Kwa sharika zetu

Tuchukue mfano mmoja unaotugusa. Sharika na dayosisi nyingi za Afrika Mashariki zimejenga vituo vya watoto yatima. Vilijengwa kwa upendo na sadaka za watu maskini. Lakini je, mtoto hukua vizuri zaidi katika kituo au katika familia? Upendo peke yake hauwezi kulijibu swali hili.

Huko Bucharest, mji mkuu wa Romania, watafiti walianza kulichunguza mwaka 2000. Walichukua watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika vituo, na kwa kura baadhi yao wakapelekwa kwa familia za malezi. Waliopelekwa katika familia walikua vizuri zaidi katika akili na katika uwezo wa kushikamana na watu, hasa waliotoka kituoni wakiwa wadogo zaidi. Lakini angalieni jambo lingine. Watafiti hao waliweka sharti kwamba hakuna mtoto atakayezuiwa kituoni kwa ajili ya utafiti. Mtoto aliyepata nafasi ya kwenda kwenye familia aliondoka, hata kama takwimu zao ziliharibika. Bado watu wameendelea kujadiliana kama ilifaa kuwapigia watoto kura, na ni vema wajadiliane. Sharti lile, hata hivyo, halikutokana na takwimu. Liliwekwa kabla yake.

Kamati zetu za diakonia zaweza kujifunza kwa nusu zote mbili. Tukikutana kupanga bajeti ya kituo, tuthubutu kuuliza: watoto waliopita hapa wako wapi leo? Wana ndugu ambao wangewapokea kama fedha hizi zingewafikia wao? Tumewauliza watoto wenyewe kiatu kinabana wapi? Majibu yakionyesha kwamba jengo tunalolipenda, lenye jina la mfadhili ukutani, haliwafai watoto kama tulivyodhani, tubadilike bila aibu. Na siku mtaalamu, mfadhili au kiongozi atakaposema kwamba mtoto fulani mwenye ulemavu anakula fedha nyingi kuliko faida yake, tusiombe muda wa kwenda kufanya utafiti. Tumjibu palepale.